UZI: Mradi mkubwa huharibikia pale kazi inapobadilisha mikono

MpimaKamba (Kisumu)

Ndugu zangu, nina miaka kumi na tisa kwenye kazi ya mjengo, kumi na moja kati ya hiyo nikiwa foremani, mingi hapa Kisumu na viunga vyake. Wiki iliyopita kijana mmoja aliyepewa saiti yake ya kwanza alinipigia simu usiku akaniuliza, "Mzee, watu arobaini nitawaongozaje?" Nilimjibu kwa haraka kwa sababu nilikuwa nimechoka, na jibu lile halikuniridhisha hata mwenyewe. Naliandika upya hapa kwa urefu, na walio kwenye kazi nyingine waongeze yao.

Nianze na slabu, yaani sakafu ya zege ya ghorofa.

Tulikuwa tunajenga nyumba ya kupangisha ya ghorofa tatu, upande wa Mamboleo. Fundi wa vyuma alikuwa mtu ambaye mpaka leo sijaona anayemzidi. Maseremala walifunga mbao zikatulia kama meza. Fundi bomba alikuwa na cheti na miaka mingi mkononi. Siku ya kumwaga zege ya slabu ya kwanza tulianza saa kumi na mbili asubuhi, mikisa mbili za kuchanganyia zege zikizunguka bila kupumzika, tukamaliza jua likizama ziwani. Niliwanunulia watu soda. Siku ya nne fundi bomba akapanda juu na kipimo chake, akazunguka, akashuka kimya. Matundu ya mabomba ya vyoo vya upande wa nyuma hayakuwepo. Yote sita.

Ilikuwaje? Wiki moja kabla, fundi bomba alimwambia fundi wa vyuma kwamba ataleta vipande vya bomba vya kuachia nafasi ya matundu. Fundi wa vyuma akasema sawa. Vipande vikachelewa dukani siku mbili. Fundi wa vyuma alipoona hakuna aliyekuja, akadhani mpango umebadilika, akafunga wavu wake wote. Fundi bomba akadhani ameachiwa nafasi. Mimi nikadhani wameongea. Ikabidi tutoboe zege iliyokwisha kushika na kukata vyuma visivyotakiwa kukatwa, na injinia akaagiza boriti ya ziada chini ya sehemu ile. Wiki tatu zikapotea, na hakukuwa na fundi hata mmoja ambaye ungemwambia kazi yake haijui.

Kabla ya siku hiyo niliamini kazi ya foremani ni kumwangalia kila mtu akifanya kazi yake. Nilikuwa nasimama nyuma ya mwashi nikitazama jiwe linavyokaa, na jiwe lingekaa vilevile hata ningekuwa nyumbani. Mwashi yuko kwenye ukuta wake, seremala yuko kwenye mbao zake. Mahali pasipokuwa na mtu ni katikati yao. Mwashi akimaliza na fundi stima akianza, pana nafasi ndogo ambayo si ya huyu wala si ya yule. Hiyo nafasi ndiyo saiti yangu. Mahali pengine pana wenyewe wanaojua kuliko mimi.

Chukua hesabu hii. Wakiwa watu wanne, jozi za kuongea ni 6. Wakiwa wanane, ni 28. Wakiwa thelathini, ni 435. Vichwa vimeongezeka mara saba na nusu, lakini mahali ambapo habari inaweza kudondoka pameongezeka zaidi ya mara sabini. Ndiyo maana mtu aliyeendesha vizuri kikosi cha watu watano hushangaa akipewa thelathini. Anadhani ni kazi ileile iliyokuzwa, na kumbe amekabidhiwa kazi nyingine kabisa.

Sisi wa Kisumu tuna mfano mzuri ziwani kwetu. Meli iliyoitwa William Mackinnon iliundwa Scotland, ikafunguliwa, ikasafirishwa hadi Mombasa, na vipande vyake vikaletwa Nyanza, sehemu ya safari ikiwa ni kwa wapagazi, maana reli yenyewe haikufika Kisumu mpaka Desemba 1901. Meli ilishushwa majini mwaka 1900. Meli za namna hiyo ziliunganishwa kwanza kwa bolti huko kiwandani, kila kipande kikatiwa namba yake, ndipo zikafunguliwa na kupakiwa. Hilo la namba hunigusa sana. Aliyebeba kipande begani hakuhitaji kujua meli nzima inafananaje, na aliyekipokea huku hakupata kumwona aliyekichonga. Lakini mtu alikaa akafikiria pale vipande vinapokutana kabla hata kimoja hakijaondoka kiwandani.

Sasa nifike kwenye neno linaloniogopesha zaidi saiti: "sawa". Kwetu, sawa inabeba maana nyingi. Nimekuelewa. Nimekusikia lakini sijaelewa. Sikubaliani nawe ila wewe ndiye bosi. Nitafanya nikipata nafasi. Ondoka niendelee na kazi. Zote hutamkwa kwa sauti moja, na uso uleule. Kiongozi akikusanya sawa ishirini asubuhi, atarudi ofisini ameridhika na mkononi hana kitu. Kwa hiyo niliacha kuuliza maswali ambayo jibu lake ni sawa. Siulizi tena "umeelewa?" Nasema, "Nionyeshe utaanzia wapi." Siulizi "mabomba yako sawa?" Nasema, "Nipeleke kwenye tundu la kwanza."

Siku moja kabla ya kumwaga zege, viongozi wote wa vikosi huzunguka pamoja jioni: vyuma, mbao, bomba, stima, na yule atakayesimamia mikisa. Sheria yetu ni kwamba kazi haiishi kwa kusema kwa aliyeifanya. Inaisha anapokubali yule atakayeipokea. Seremala hasemi mbao zimekamilika. Fundi wa vyuma ndiye anayepanda, anaruka juu yake kidogo, anasema nimepokea. Mzunguko huo huchukua saa moja, na mwenye nyumba mmoja aliwahi kuniambia ni saa ya kupoteza. Nilimpeleka akaone boriti ile ya Mamboleo.

Kuna jambo la slabu ile ambalo ni gumu kwangu kulieleza. Miezi kadhaa baadaye, kijana aliyekuwa mtu wa mkono siku hiyo aliniambia kwamba asubuhi ile aliona hakuna matundu. Alikuwa ameshafanya kazi kwenye nyumba nyingine, alijua yanavyokaa. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akanikumbusha kwamba Ijumaa iliyotangulia nilimfokea mwenzake mbele ya watu wote kwa kusimamisha mikisa ili aulize swali. Akasema, "Nilidhani mnajua."

Nimelibeba neno hilo tangu siku hiyo. Habari iliyokuwa na thamani ya wiki tatu ilikuwa ndani ya saiti, kwa mtu anayelipwa kidogo kuliko wote, na mimi ndiye niliyemziba mdomo. Siku hizi yeyote anaweza kusimamisha umwagaji, hata kibarua wa siku ya kwanza. Mmoja alisimamisha kwa jambo ambalo halikuwa tatizo, dakika ishirini zikaenda. Nilimshukuru mbele ya wote, na nilimaanisha, kwa sababu wengine thelathini walikuwa wanausoma uso wangu.

Karibuni.

JiraniWaMenengai (Nakuru)

Mzee, umenigusa. Mimi nilikuwa kwenye uchimbaji wa visima vya mvuke huku Nakuru miaka kadhaa. Kisima kinashuka zaidi ya kilomita mbili chini na mtambo haulali, kwa hiyo ni zamu usiku na mchana. Saa iliyotutia hofu kuliko zote ilikuwa ile ya kubadilishana zamu. Wanaoondoka wamechoka, akili yao iko kwenye basi. Wanaoingia hawajaamka vizuri.

Daftari lilikuwepo na kila kitu kiliandikwa: kina, shinikizo, tope linalorudi. Lakini yale muhimu sana mara nyingi hayana safu kwenye daftari. "Mashine inalia tofauti tangu saa tisa usiku." Utaliandika wapi hilo? Kiongozi wetu mmoja alituwekea utaratibu kwamba anayeondoka haruhusiwi kutoa mguu mpaka anayeingia amerudia kwa maneno yake mwenyewe alichoambiwa, kisha amuulize swali moja. Lazima swali moja, hata kama yote yako wazi. Mwanzoni tuliona ni usumbufu. Lakini ukijua utaulizwa, unakumbuka ule mlio wa saa tisa.

MuuguziWaZamu (Kakamega)

Kwenye chumba cha upasuaji tuna orodha ya usalama ya Shirika la Afya Duniani, ilizinduliwa 2008, ina mambo 19. Ilijaribiwa kwenye hospitali nane za miji minane, na moja ilikuwa Ifakara, Tanzania. Matokeo yalichapishwa 2009: vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo makubwa baada ya upasuaji kutoka 11 hadi 7.

Watu wakisikia orodha hufikiria kalamu na vema. Mimi nawaambia sehemu ninayoithamini ni pale kabla ya kisu kugusa ngozi, kila aliye chumbani anapotaja jina lake na kazi yake. Daktari bingwa anataja, na mwanafunzi wa uuguzi anataja. Mtu aliyekwisha kusikika sauti yake chumbani mara moja, ni rahisi kusikika mara ya pili anapoona hesabu ya sponji za kufyonzea damu haitimii. Yule kijana wako, MpimaKamba, ungekuwa umemsikia akitaja jina lake asubuhi ile, labda angesema.

NyundoMbili (Busia)

Mimi ni mwashi na nitasema upande wa pili kwa heshima. Niliwahi kuacha saiti kwa sababu ya foremani wa "nionyeshe, nionyeshe". Nimejenga tangu nikiwa na miaka kumi na saba, halafu mtu ananifuata kila hatua kama mtoto wa nasari. Fundi ana heshima yake. Ukimkagua kila mara anaacha kufikiri, anasubiri umwambie. Hapo umeua kile ulichomwajiria.

Pia mnazungumza juu ya mawasiliano kana kwamba watu hawana matumbo. Jumamosi ikifika na pesa haijatoka, Jumatatu utakuwa na miili saiti, akili zitakuwa zinatafuta kazi nyingine. Nimeona miradi mingi hapa Magharibi ikilegea hivyo kuliko kwa matundu yaliyosahaulika.

MpimaKamba (Kisumu)

NyundoMbili, la pesa ya Jumamosi umesema kweli tupu na nilipaswa kuliweka juu kabisa. Mtu asiyelipwa kwa wakati hawezi kukuletea habari mbaya, kwa sababu hakuamini tena. Nimewahi kumwambia kontrakta niliyefanya naye kazi kwamba nitasimamisha saiti Ijumaa mchana kama malipo hayajathibitishwa, kuliko nidanganye watu mpaka jioni. Siku pesa itachelewa, waambie mapema, waambie kiasi gani na lini, na uwe wa mwisho kulipwa wewe mwenyewe.

La heshima ya fundi, hapo sikueleza vizuri. Simfuati mwashi kwenye ukuta wake. Ukiwa katikati ya kazi yako sikugusi. Nakuja pale unapomkabidhi mwenzako, na sitaki unionyeshe mimi, nataka umwonyeshe yeye. Kwangu wewe unaonekana unakaguliwa na bosi. Kwake, ni fundi anayeongea na fundi mwenzake. Na nimeona mafundi wenye majivuno yao wakiupenda mzunguko ule, kwa sababu ndio wakati pekee ambapo mtu anayeielewa kazi yao anaitazama kwa makini.

KodiYaZiwa (Kisumu)

Jaduong', mimi niko kwenye programu za kompyuta, kikosi cha watu tisa. Swali langu ni la kuchelewa. Mteja akiona tumechelewa husema ongezeni watu. Fred Brooks, Mmarekani aliyesimamia programu endeshi ya IBM System/360 miaka ya 1960, aliandika 1975 kwamba kuongeza watu kwenye mradi wa programu uliochelewa huuchelewesha zaidi. Wageni lazima wafundishwe, na wanaowafundisha ni walewale wenye kazi. Halafu zile jozi zako zinaongezeka: tisa wana jozi 36, kumi na tatu wana 78. Je, kwenye mjengo pia ni hivyo?

MpimaKamba (Kisumu)

Omera, inategemea kazi inagawanyika au haigawanyiki. Kuchimba msingi, kubeba mawe, kupiga rangi: ongeza watu, utamaliza mapema. Zege kukauka: lete watu mia, itakauka kwa siku zilezile. Na kuna kazi za katikati, kama kupanga waya za stima kwenye korido moja, ambapo mtu wa tatu anawakanyaga wawili wa kwanza.

Ninapochelewa, kitu cha kwanza natafuta ni kazi gani hasa inayoshika tarehe. Wenzetu wa viwandani Marekani, kina DuPont, waliitengenezea hesabu yake mwaka 1957. Unapanga kila kazi na ile inayoitangulia, kisha unafuata mnyororo mrefu kuliko yote kutoka mwanzo hadi mwisho. Ukichelewa siku moja kwenye mnyororo huo, mradi mzima umechelewa siku moja. Ukichelewa nje yake, huenda hakuna atakayejua. Nimeona mameneja wakimfokea mpaka rangi wakati milango haijafika kutoka kwa seremala. Mpaka rangi hakuwa kwenye mnyororo.

MamaWaKisima (Vihiga)

Mulembe nyote. Mimi si fundi wala injinia, naongoza kikundi cha maji kijijini, wanachama sitini na wawili, wengi wakinamama. Tumechangishana, tumepata chemchemi iliyolindwa, tunataka kuweka tangi la lita elfu kumi na bomba la kushusha maji mpaka sokoni, kama kilomita moja na nusu. Sina mshahara wa kumtishia mtu. Watu wanakuja kwa hiari Jumamosi. Tunapanga kuanza kuchimba mtaro wote wiki ijayo ili wanachama waone kazi imeanza na waendelee kuchanga. Naomba ushauri.

MpimaKamba (Kisumu)

Mama, asante sana kwa kuuliza kabla ya jembe. Wewe una kazi ngumu kuliko yangu, maana mimi Jumamosi natoa bahasha, na wewe unaongoza kwa kuaminiwa tu.

Nakusihi usianze na mtaro. Ni Februari, mvua za masika zinaingia Machi. Kilomita moja na nusu ya mtaro ulio wazi kwenye vilima vyenu vya Vihiga itabomoka na kujaa udongo kabla bomba halijalala, na watu watachimba mara ya pili bila moyo. Mtaro unagawanyika: watu sitini kila mmoja na mita zake, ni kazi ya Jumamosi chache. Chimbeni kiasi ambacho bomba litalazwa na kufukiwa siku hiyohiyo.

Kinachoshika tarehe yenu ni kitako cha tangi. Lita elfu kumi ni tani kumi za maji, bila kuhesabu tangi lenyewe, na zege hukomaa polepole. Siku ya saba huwa imefika kama theluthi mbili ya nguvu yake, na nguvu iliyokusudiwa huhesabiwa siku ya 28. Mwagieni maji kila siku wiki ya kwanza, msilijaze tangi mapema kwa furaha. Mkikimwaga kitako wiki ijayo, wanachama wataona kazi imeanza vilevile, na siku zinazohesabika zitaanza kuhesabika.

Kwenye mtaro, mpe kila kipande jina la mtu wake, na anayepokea awe mlaza bomba. Yeye ndiye aseme kina kinatosha, si mchimbaji.

Sasa swali langu kwako. Bomba linapita kwenye mashamba ya watu wangapi, na walisemaje?

MamaWaKisima (Vihiga)

Kumi na mmoja. Wote walikubali. Kumi tuliandikiana na chifu msaidizi akashuhudia. Wa kumi na moja ni mzee mmoja anayeheshimika sana, niliongea naye kanisani baada ya ibada, akasema sawa.

MpimaKamba (Kisumu)

Mama, alisimama nawe kwenye mpaka akakuonyesha bomba lipite wapi?

MamaWaKisima (Vihiga)

Hapana. Alisema tu sawa, hakuna shida.

MpimaKamba (Kisumu)

Nenda kwake nyumbani, usiende na wanakikundi wote, watu wawili wanatosha. Beba kamba na vigingi. Mwombe akiweke kigingi cha kwanza kwa mkono wake.

NyundoMbili (Busia)

Na umpelekee kitu kidogo, Mama. Sukari au majani chai. Usiende mikono mitupu kwa mzee.

MamaWaKisima (Vihiga)

Nimerudi leo asubuhi. Tulimkuta barazani, tukanywa chai kwanza, ndipo nikatoa kamba. Alitembea nasi taratibu mpaka kwenye ua wa miti, akakipiga kigingi mita tano juu ya pale tulipochora. Kwenye mstari wetu kuna makaburi mawili ya wazazi wake. Hayana msalaba wala simiti, nyasi zimeyafunika, hatungeyajua mpaka jembe liyafikie.

Nilimuuliza kwa upole kwa nini hakuniambia Jumapili ile. Akasema watu walikuwa wengi mlangoni, na hakutaka kunikatalia mbele yao.